Ukurasa wa Pili wa Waraka

Mwasiti binti Mnali alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na saba, na alijifunza ili amwangushe mtu mmoja. Mimi hakunificha. Wanawake wengine wa darasa la ngumbaru walisema wanataka kusoma barua za watoto wao, au maandishi kwenye chupa za dawa za zahanati. Yeye aliniambia, tukiwa tumebanana kwenye benchi moja, kwamba ana karatasi moja tu anayoitaka, na akishaisoma hiyo, hata macho yakipofuka potelea mbali.

Mtu mwenyewe alikuwa Bakari Chilumba, Katibu Kata wetu.

Kabla ya Operesheni Vijiji tuliishi Nakachindu, kaya kumi na tisa zilizotawanyika katikati ya mikorosho, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Mpapura. Mwasiti na mumewe Shaibu walikuwa na mikorosho ya urithi, muhogo uliokwisha kukomaa ardhini, na nyumba ya vyumba vitatu ambayo Shaibu alikuwa ameiezeka upya mwaka uleule. Shaibu alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alifundisha watoto Kurani, na herufi za Kiarabu alizisoma kama anayekunywa maji. Herufi za serikali hakuzijua, wala pale Nakachindu hapakuwa na aliyezijua.

Mwezi wa Agosti mwaka sabini na nne Bakari alikuja na migambo sita. Mmoja wao alikuwa amebeba kiti kichwani tangu Mpapura. Kiti kiliwekwa kivulini, Bakari akaketi na kaunda suti yake, sisi tukakaa mchangani. Alitangaza kwamba tunahamia kijiji kipya kando ya barabara, kijiji ambacho kimekwisha kupewa jina, Tupendane, na kwamba tuna siku nne. Sitasema aliyotuahidi yalikuwa uongo mtupu. Alisema shule, zahanati na bomba, na wengi wetu tulikuwa tayari kwenda. Kilichotushinda ni zile siku nne. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, na muhogo haung'olewi wote kwa siku nne.

Shaibu alisimama, akavua kofia, akaomba kwa niaba yetu tupewe miezi mitatu tuvune kwanza. Bakari akainua karatasi juu, kila mtu aione.

"Mimi siombwi," alisema. "Imeandikwa humu. Atakayebaki, nyumba yake ichomwe."

"Basi tusomee, Ndugu Katibu," Shaibu alisema. "Tusikie sote."

Ni hilo tu alilosema, na alilisema kwa adabu. Bakari alitazama watu, akaona wanasubiri asome, na nadhani hapo ndipo alipoingiwa na hasira. Alisema kuna watu wanaotaka kuipima serikali kimo. Akaamuru Shaibu alazwe kifudifudi. Alichapwa viboko kumi na viwili mbele ya mkewe, na mbele ya mzee Mnali, baba mkwe wake. Asiyejua mambo yetu ajue hivi: huku kwetu mkwe na mkwewe huoneana haya hata kula pamoja. Mzee Mnali aligeuza uso akatazama mikorosho mpaka kiboko cha mwisho. Jioni ile alisema maneno ambayo yalizunguka kaya zote, kwamba baba yake alichapwa na Mjerumani, na yeye mwenyewe alichapwa na jumbe wa Mwingereza, na alipoona bendera mpya inapanda alidhani viboko vimeshapanda meli pamoja na wenyewe.

Shaibu alipelekwa Mpapura akafungiwa kwenye ghala la korosho, chini ya bati, siku tatu. Kila siku Mwasiti alitembea na kibuyu cha maji, na kila siku mgambo wa mlangoni aliyamwaga maji yale chini. Siku ya tatu waliporudi wote wawili Nakachindu walikuta kuta nyeusi. Godoro la sufi lilikuwa bado linafuka moshi.

Shaibu alikaa Tupendane mwezi mmoja. Hakumlaumu mtu, ila hakula na watu tena. Alimwambia mkewe kwamba kila anayemtazama anamwona amelala chini. Asubuhi moja aliondoka kwenda Kilambo, akavuka mto kwa wajomba zake upande wa pili, akisema atarudi vita vya huko vikitulia na njia ikiwa salama. Vita vilitulia, yeye hakurudi. Mwaka uliofuata mchuuzi wa samaki wakavu alileta habari kwamba ameoa huko. Mwasiti alikuwa anatwanga makopa ya muhogo. Alimshukuru mchuuzi, akaendelea kutwanga mpaka unga ukawa laini kama vumbi la njiani, na mimi niliyekuwa naye kinuni sikuthubutu kumshika mkono.

Tangu siku hiyo hakumtaja tena mumewe. Alimtaja Bakari. Alipoamka alimtaja, alipopalilia alimtaja. Chuki ile ilimnenepesha, wallahi. Wengine walikonda kwa njaa ya mwaka ule, yeye alipata nguvu.

Na Bakari naye alizidi. Redio ilituambia sote ni ndugu, lakini yeye aliitwa Mheshimiwa. Ukipita mbele ya ofisi yake uvue ndala. Akipita yeye, mliokaa msimame. Atakayechelewa shamba la kijiji ataingia ghalani, maana Tupendane nayo ilikuwa imejengewa ghala lake. Tulipouliza kwa nini, jibu lilikuwa lilelile: imeandikwa. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wanaogopa karatasi kuliko nyoka.

Kisha likaja agizo la kufuta ujinga, na Bakari, ambaye alitakiwa kupeleka hesabu ya wanafunzi wilayani, alitusukuma wenyewe kwenda darasani. Mwalimu wetu aliitwa Raheli, binti mrefu kutoka upande wa Ndanda, mwenye subira kubwa. Alituambia baadaye kwamba hakuwahi kuona mwanafunzi kama Mwasiti. Aliandika mchangani kwa kijiti akichunga kuku, aliandika kwa mkaa ukutani, aliandika kwa kidole juu ya unga. Katika miezi minane alikuwa anasoma gazeti, polepole, akikunja uso kama anayechomoa mwiba.

Siku ya kutoa zawadi kwa waliofaulu, Bakari ndiye aliyezitoa. Mwasiti alikuwa wa kwanza, zawadi yake kitenge. Bakari alimpa mkono, akacheka, akamuuliza anaitwa nani na mumewe ni nani, kwa nini hakuja kumpongeza.

Nilikuwa nyuma yake. Alijibu kwamba mume wake amesafiri. Tulipotoka aliniambia, "Sauda, hanikumbuki. Amenichomea nyumba, amenifukuzia mume, na hanikumbuki." Akampa kitenge kile mtu wa kwanza aliyekutana naye njiani.

Ofisi ya kata ilifagiliwa na wanawake kwa zamu. Zamu yake ilipofika Mwasiti aliomba aongezewe, akisema yeye hana mume wa kumpikia asubuhi. Hivyo akawa anaingia mle kila alfajiri kabla Bakari hajaja. Mafaili yalikuwa kabatini, na kabati halikufungwa, maana nani angesoma? Lile la Operesheni alilipata siku ya pili. Waraka wenyewe ulikuwa wa kurasa mbili zilizobanwa kwa pini. Alitumia asubuhi tano kuusoma, maana aliogopa kukosea neno.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa ule aliouota. Ulisema wananchi waelimishwe wala wasilazimishwe, wapewe muda wa kuvuna mazao yao, mtu asipigwe, na mali ya mtu isiharibiwe kwa kisingizio cha kuhama. Mwasiti aliniambia kwamba alipofika hapo aliketi kwenye kiti cha Bakari.

Ukurasa wa pili ulikuwa mfupi. Ulisema zoezi zima likamilike ifikapo mwisho wa mwezi bila visingizio, na kwamba kiongozi yeyote ambaye kata yake itabaki nyuma atahesabiwa kuwa mzembe na msaliti, na atawajibika.

Aliuelewa. Hakuwa mjinga. Aliona kwamba walioandika ukurasa wa kwanza ndio walioandika wa pili, na kwamba mtu aliyepewa kurasa hizo mbili kwa pamoja amepewa fimbo na kuambiwa asipige. Aliichomoa pini. Asubuhi ya tano alikuja jikoni kwangu kuomba kijinga cha moto, akainama, akasogeza karatasi iliyokunjwa kwenye moto wa mafiga yangu, ikaungua. Nilimuuliza inasema nini. Akajibu haisemi neno. Kweli yote ilinifikia baadaye sana, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia.

Mkuu wa Wilaya alikuja mwezi wa Juni mwaka sabini na sita kuzindua bomba letu. Baada ya ngoma na hotuba, alituruhusu kuuliza maswali. Bakari alikuwa amekwisha kuwapanga watu watatu wa kuuliza maswali ya kusifu. Mwasiti alisimama kabla yao. Hakuomba ruhusa. Alitoa karatasi ndani ya khanga yake, akasoma, neno kwa neno. Kwenye "mtu asipigwe" alisoma mara mbili. Kisha akasema mambo matatu kwa ufupi: viboko vya Shaibu, ghala, nyumba. Akaketi.

Tulikuwa watu mia nne pale. Bomba lilikuwa linatiririka bila mtu wa kulifunga.

Bakari alisimama akiwa ametoka jasho. Alisema, "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waraka ule una ukurasa wa pili."

Mkuu wa Wilaya alimgeukia Mwasiti. "Una ukurasa wa pili?"

"Mimi nimeukuta huu mmoja," alisema Mwasiti.

Nilikuwa nimekaa mbele, nikauona uso wa yule mkubwa. Alijua. Waraka ulitoka ofisini kwake, na ukurasa wa pili aliujua kuliko sote. Alimtazama Bakari muda mrefu, na Bakari alimtazama yeye kama mtoto anavyomtazama baba yake mbele ya watu waliokuja kumshitaki. Kisha Mkuu wa Wilaya aliomba ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Alisema hajui ukurasa wowote wa pili. Alisema chama hakina nafasi kwa viongozi wanaojifanya masultani, na kwamba Bakari Chilumba akabidhi ofisi siku ileile. Watu walipiga vigelegele mpaka gari lilipoondoka. Mwasiti hakupiga. Alikuwa anamwangalia Bakari akihangaika kufungua kishikizo cha mfuko wa kaunda suti ili atoe funguo.

Tulidhani ataondoka. Hakuwa na pa kwenda. Alikuwa amejenga Tupendane, na mkewe Mwanakombo alikuwa na mimba ya miezi saba. Akabaki kama mkulima, katika nyumba ya tisa kutoka kwangu.

Miezi miwili baadaye tulimchagua Mwasiti kuwa balozi wa nyumba kumi. Nani tena angechaguliwa? Alijua kusoma, alikuwa amemwangusha mwamba. Nyumba kumi zenyewe zilianzia kwa mwanamke mmoja mpika vitumbua na kuishia kwa Bakari Chilumba.

Mwanzo tulifurahi. Bakari alipewa safu ndefu kuliko wote katika shamba la kijiji, zile za upande wa mchanga mgumu, na hakuna aliyemhurumia. Alipewa kazi ya kuchimba vyoo vya shule. Akija barazani kwa balozi kuleta taarifa ya wageni, aliambiwa akae chini. Siku moja Mwasiti alimwagiza amwite Mheshimiwa, nasi tuliokuwapo tukacheka mpaka machozi. Bakari akalitamka. Tukacheka tena. Mwasiti peke yake ndiye asiyecheka. Alikuwa anasikiliza lile neno kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi na kuona bado.

Mwanakombo alikwenda kumwomba, mtoto mgongoni. Alimwambia, "Dada, mume wangu ana ngiri. Mpunguzie mashimo." Mwasiti alimjibu kwamba hata yeye alikuwa na mume, na hakupunguziwa. Mwanakombo akarudi. Mimi nilikuwa upande wa Mwasiti siku ile, lazima niseme kweli.

Lakini mkono uliozoea kuchapa hauchagui mgongo. Mpika vitumbua alichelewa mkutanoni, akaambiwa apalilie shamba la kijiji siku mbili za ziada. Mzee Stefano, mfua vyuma, aliuliza kama zile siku mbili zimekubaliwa na mkutano wa kijiji. Mwasiti akainua daftari lake, akasema imeandikwa. Stefano hajui kusoma. Alikaa. Nilisikia baridi mgongoni, nikajiambia ni homa.

Mwaka wa pili wa ubalozi wake, msimu wa kupalilia, Bakari hakutokea shambani. Mwanakombo alisema ameamka na homa kali. Mwasiti alituma migambo wakamtoe. Walimleta akiwa amejifunga shuka, anatetemeka kweli, naye Mwasiti akawaambia wamtie ghalani mpaka homa yake ijue kwamba kuna kazi.

Tulikuwa tumesimama na majembe yetu. Bakari alisimama mlangoni mwa ghala, akamgeukia. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilitumwa, Bi Mwasiti," alisema. "Unajua kwamba nilitumwa, ukurasa ule uliusoma. Wewe umetumwa na nani?"

"Na nafsi yangu," alijibu.

Mlango ukafungwa. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mwasiti aliketi nje, kwenye gogo, mkabala na ule mlango, na hakuondoka. Mwanakombo alileta maji, Mwasiti akampisha ayapitishe kwa chini ya mlango. Hilo nalishuhudia, hakuyamwaga. Adhuhuri ilipita. Aliniambia, siku zile tulipoweza kuzungumza tena, kwamba alikuwa anasubiri kusikia kitu ndani ya kifua chake, kitu kama mzigo kutuliwa, na kila alipomsikia Bakari anakohoa alidhani sasa kitakuja. Alasiri Mwalimu Raheli alitoka shule, akapita mbele yake bila salamu, akaufungua mlango mwenyewe. Bakari alitoka kwa mikono na magoti. Raheli alimwambia Mwasiti maneno haya, na sisi tukayasikia: "Sikukufundisha kwa ajili ya hili."

"Ulinifundisha herufi," Mwasiti alisema. "Mengine nilifundishwa na yeye."

Wiki ile nyumba saba zilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba uchaguzi. Sikutangulia, ila nilikwenda. Mwenyekiti aliona ni jambo la kawaida, akaja barazani kwetu Jumapili moja na kalamu sikioni, akauliza wanaotaka balozi aendelee wanyooshe mikono.

Mikono miwili tu ilinyooka. Mmoja ulikuwa wa dada yake Mwasiti. Wa pili ulikuwa wa Bakari Chilumba. Aliunyoosha juu kabisa, bado ana shuka mabegani, akimtazama Mwasiti ili ahakikishe ameonekana. Watu walinong'ona kwamba amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa na kitu. Alikuwa anaogopa kwamba Mwasiti angeweza kushinda.

Mwasiti aliutazama mkono ule mpaka mwenyekiti akaandika hesabu na kusema inatosha, ushuke. Nilitarajia aone raha. Nilimjua miaka ishirini, na najua jinsi uso wake ulivyo akipata anachokitaka. Haukuwa uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyekula mpaka akavimbiwa, na sahani bado imejaa.

Alipoulizwa kama ana neno, alisema hana la kumwomba mtu radhi, na hasa si yule. Alisema aliyomtendea Bakari, Bakari alistahili. Kisha alimgeukia Stefano mfua vyuma akasema zile siku mbili hazikuwa zimeandikwa popote. Akampa mwenyekiti daftari, akaenda kwake.

Siku nyingi baada ya hapo alikuja jikoni kwangu ndipo akaniambia habari ya ukurasa wa pili. Nilimuuliza kwa nini hakuusoma wote mbele ya watu, ili na yule mkubwa mwenye gari aaibike. Alisema wakati ule alikuwa na chuki ya mtu mmoja tu, haikutosha kuwafikia wawili, na kwamba hilo ndilo linalomuuma sasa akilala na akiamka: Mkuu wa Wilaya aliondoka na karatasi mfukoni akishangiliwa, na yeye ndiye aliyempa ile karatasi. Alipolisema hilo niliona ile nguvu yake ya zamani inarudi usoni. Nilisikia kwamba mkubwa yule alikuwa amekwisha kupandishwa cheo, yuko mkoa mwingine, na nikamwambia. Aliniuliza mkoa gani.

Balozi mpya alikuwa Mikaeli, seremala, mtu asiye na maneno mengi. Jumatatu iliyofuata uchaguzi ule aligawa safu za shamba la kijiji kwa kufuata mpangilio wa nyumba, bila kumpendelea wala kumwonea mtu. Safu ya Mwasiti iliangukia kando ya safu ya Bakari. Wote wawili walifunga nguo viunoni wakainama. Walipalilia mpaka jua la saa sita, majembe yakipishana.